Miguu Ikikataa: Akiba ya Nguvu Ndani ya Misuli ya Mkimbiaji

Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya makocha, walimu wa michezo, wazazi na vijana wanaofanya mazoezi ya mbio, Kware



Kila kocha wa mbio ndefu anamjua kijana huyu. Alianza mazoezi kwa moto, akawa anawaacha wenzake mlimani, na muda wake ukawa unapungua wiki baada ya wiki. Kisha, mwezi wa tatu au wa nne, mambo yakageuka. Anaamka akiwa mzito. Kilomita nane za kwanza anakwenda vizuri, ya tisa miguu inakataa. Akiongeza mazoezi, ndipo anazidi kurudi nyuma. Mtaani maelezo huwa matatu. Wa kwanza atasema kijana amekuwa mvivu. Wa pili atasema kuna jicho la mtu. Wa tatu, na huyu ndiye wa kuogopwa, atamvuta kando amwambie kwamba wakubwa wote wanatumia kitu, kwa hiyo naye atafutiwe sindano.

Mazungumzo haya yanahusu maelezo ya nne, ambayo husikika mara chache ingawa ndiyo yanayofaa kuangaliwa kwanza. Huenda miguu ya kijana huyo haina kitu ndani. Mazoezi yamemjengea ghala kubwa la nguvu, na hakuna anayelijaza.

Mtu akila ugali, wali, viazi au chapati, wanga uliomo huvunjwavunjwa tumboni ukawa sukari, na sukari ikaingia katika damu. Sehemu yake hutumika papo hapo. Inayobaki huunganishwa, punje kwa punje, ikawa kitu kinachoitwa glaikojeni, na kuhifadhiwa katika ini na katika misuli. Ini la mtu mzima hubeba kama gramu 100. Misuli yote kwa pamoja hubeba kama gramu 400 hadi 500. Kila gramu hutoa kalori 4 hivi, kalori zile zile zinazohesabiwa kwenye pakiti za chakula, kwa hiyo akiba yote ni kama kalori 2,000 na kidogo.

Sasa hesabu ya njiani. Kukimbia kilomita moja hugharimu karibu kalori moja kwa kila kilo ya uzito wa mkimbiaji. Mtu wa kilo 60 akimaliza kilomita 42 za marathoni atakuwa ametumia kama kalori 2,500. Kijana wa mbio za kilomita 10 hawezi kumaliza ghala lililojaa katika shindano moja, hilo ni kweli. Lakini akikimbia kilomita 12 asubuhi na 8 jioni, siku sita kwa wiki, anachota kila siku. Kama anachorudisha ni kidogo kuliko anachochota, kufika Alhamisi anakimbia na mabaki.

Mtu atauliza: na mafuta ya mwilini je? Hata mkimbiaji mwembamba ana kilo kadhaa za mafuta, zenye makumi ya maelfu ya kalori. Mbona basi achoke? Mafuta ni kama shamba. Shamba lina thamani kubwa, lakini hakuna kondakta wa matatu atakayekubali hatimiliki badala ya nauli. Mafuta huchomwa polepole na hudai oksijeni nyingi zaidi, na kadiri mtu anavyoongeza kasi ndivyo mwili unavyozidi kuitaka sukari. Glaikojeni ndiyo pesa taslimu iliyo mfukoni.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: msuli haukopeshi. Ini linaweza kuirudisha sukari yake kwenye damu ili ubongo na viungo vingine vipate. Msuli hauwezi, kwa sababu hauna kimeng'enya cha kuifungulia sukari hiyo itoke nje. Kilichohifadhiwa mkononi hakishuki mguuni. Ndiyo maana mkimbiaji anaweza kuwa na kichwa timamu, mapafu safi na moyo wenye nguvu, na bado mapaja yakagoma.

Haya yote yalijulikana kwa njia ya ajabu kidogo, na inafaa kusimuliwa kwa sababu inajibu swali la leo moja kwa moja. Miaka ya 1960 huko Stockholm, nchini Uswidi, daktari Jonas Bergström alianza kutumia sindano nene iliyoweza kuchomoa kipande kidogo cha msuli kutoka paja la mtu aliye macho. Mwaka wa 1966 yeye na mwenzake Eric Hultman walijifanyia jaribio wao wenyewe. Walikaa pande mbili za baiskeli moja ya mazoezi, mmoja akikanyaga kwa mguu wa kulia na mwingine kwa wa kushoto, hadi miguu hiyo ikaishiwa kabisa. Mguu wa pili wa kila mmoja ulipumzika tu. Kisha kwa siku tatu wakala chakula cha wanga kwa wingi, huku wakichomoa vipande vya msuli kutoka miguu yote miwili.

Mguu uliopumzika ulibaki karibu ulivyokuwa. Mguu uliofanya kazi ulijaza glaikojeni hadi karibu mara mbili ya mwenzake. Mtu ni yule yule, chakula ni kile kile, damu inayopita ni ile ile. Kilichotofautisha ni kwamba mguu mmoja ulifanya kazi hadi ukawa mtupu, na huo ndio uliovuta sukari kwa pupa.

Mwaka uliofuata, Bergström na Hultman wakishirikiana na Lars Hermansen na Bengt Saltin waliuliza swali la upande wa pili, yaani chakula. Wanaume wale wale walikanyaga baiskeli kwa nguvu ile ile mara tatu, kila mara baada ya siku kadhaa za chakula tofauti. Walipokula nyama na mafuta bila wanga, walidumu kwa wastani wa dakika 57. Walipokula chakula cha kawaida kilichochanganywa, dakika 114. Walipokula wanga kwa wingi, dakika 167. Mapafu hayakubadilika kati ya jaribio moja na jingine, wala moyo, wala ujasiri. Sahani ilibadilika, na muda ukaongezeka karibu mara tatu. Saltin huyo ndiye aliyekuja baadaye kuongoza utafiti uliolinganisha misuli ya wakimbiaji wa Kenya na ya wenzao wa Skandinavia.

Tendo moja la kuchoka hufungua ghala kwa siku chache. Mazoezi ya miezi hulijenga upya. Juu ya ngozi ya kila uzi wa msuli kuna protini zinazofanya kazi ya mlango wa sukari. Mtu anayekimbia mara kwa mara hupata milango mingi zaidi, na mazoezi yenyewe huisukuma kufunguka hata kabla insulini haijaja kubisha. Vimeng'enya vya kuunganisha sukari kuwa glaikojeni navyo huongezeka. Matokeo yake ni kwamba aliyezoea mbio ndefu hubeba glaikojeni zaidi katika kila kilo ya msuli kuliko asiyefanya mazoezi, na akijiandaa vizuri kabla ya mashindano anaweza kufika mara mbili ya kiwango hicho cha kawaida.

Badiliko la pili halionekani lakini pengine ndilo kubwa zaidi. Ndani ya msuli mna majiko madogo sana yanayoitwa mitokondria, na humo ndimo mafuta na sukari huchomwa kwa oksijeni. Mwaka wa 1967 John Holloszy wa St. Louis, Marekani, alionyesha kwamba panya waliokimbizwa kwa wiki kadhaa waliongeza uwezo wa majiko hayo hadi karibu mara mbili. Kwa binadamu mambo huenda hivyo hivyo. Mkimbiaji mwenye majiko mengi anaweza kuchoma mafuta zaidi kwa kasi ile ile, kwa hiyo anakula akiba yake ya sukari polepole. Ghala lake ni kubwa, na matumizi yake ni ya mtu mwangalifu. Kwa upande mwingine, wanafunzi wanaoacha kukimbia likizo nzima wajue kwamba wiki chache za kukaa hutosha kupunguza vyote viwili.

Hata hivyo, hata aliye bora kuliko wote hategemei ghala peke yake. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Waliokuwa wakitazama waliona watu wa baiskeli wakimpelekea chupa njiani. Ndani mlikuwa na kinywaji cha wanga.

Basi turudi kwa kijana wa Kware. Kipchoge alipewa chupa barabarani. Huyu anaondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri akiwa na chai ya rangi tumboni au bila chochote. Akimaliza kilomita 12 anaoga, anakwenda shule, au mjengo, au timboni kupasua mawe. Chakula cha kweli anakiona saa mbili usiku. Tatizo la ratiba hii ni mbili kwa pamoja. Kwanza, chakula ni kichache. Pili, kimekuja wakati mbaya: saa mbili za kwanza baada ya mazoezi ndizo milango ya sukari iko wazi zaidi, na ghala tupu huhitaji karibu siku nzima ya kula vizuri kabla halijajaa. Kijana anayeanza kujaza saa mbili usiku na kukimbia tena alfajiri hawezi kufika.

Wakimbiaji wakubwa wa Kenya hula nini? Mwaka wa 2004 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Vincent Onywera wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, uliopima chakula cha wanariadha 10 wa kiwango cha juu kambini kwa siku saba. Hakuna siri iliyogunduliwa. Walikula ugali, wali, viazi, mkate, maharagwe na kabichi, wakanywa chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha. Lakini zaidi ya robo tatu ya nguvu yote ilitoka kwenye wanga, karibu gramu 10 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Na hata wao walikuwa wakila pungufu kidogo kuliko walivyotumia.

Kwa lugha ya jikoni ni hivi. Kijana wa kilo 55 anayefanya mazoezi makali kila siku anahitaji gramu 385 hadi 550 za wanga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina wanga wa kama gramu 75. Hata kama ugali utabeba nusu tu ya mzigo huo, ni gramu 300 za unga kwa siku, kwa mtu mmoja. Pakiti ya kilo 2 inaisha kabla ya wiki, na nyumbani kuna watoto wengine. Mzazi anayelalamika kwamba huyu wa mbio anamaliza unga halalamiki bure. Anaona kwa macho yake kile ambacho madaktari wa Stockholm walikipima kwa sindano.

Kwa sababu hiyo kocha anahitaji kujua hali ya sufuria kama anavyojua saa ya mkononi. Wiki ambayo unga umepungua nyumbani, kilomita zipungue. Huko si kumlegeza mtu. Kumkimbiza kijana kilomita 20 kwa siku bila kumlisha hakumjengi, kunamla. Vikundi vinavyochanga pesa kununua viatu na jezi vingefanya vizuri zaidi kuanza na sufuria ya uji. Uji mzito wenye sukari, ndizi mbili, kiazi kitamu kilichochemshwa jana, vikiliwa pale pale uwanjani baada ya mazoezi, vinafanya kazi ambayo hakuna kiatu kitakachoifanya. Maharagwe, maziwa au yai viongezwe panapopatikana, kwa ajili ya kujenga msuli wenyewe.

Kwa wasichana kuna dalili isiyofaa kunyamaziwa. Hedhi ikikoma kwa miezi kwa msichana anayekimbia sana, baadhi ya watu huichukua kuwa ishara ya mazoezi mazuri. Mara nyingi ni mwili unaofunga baadhi ya kazi zake kwa kukosa chakula, na mifupa hudhoofika pamoja nayo hadi kupata nyufa. Msichana huyo apelekwe kituo cha afya, na kilomita zake zishushwe mara moja. Makocha wanaume wanaoona haya kuuliza wamtafute mwalimu wa kike au mhudumu wa afya ya jamii awaulizie.

Kaunti hii ina mfano wake karibu. Paul Tergat, aliyeweka rekodi ya dunia ya marathoni ya saa 2, dakika 4 na sekunde 55 mjini Berlin mwezi wa Septemba 2003, alifanyia sehemu kubwa ya mazoezi yake Ngong. Lakini yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba mambo yalianzia mbali na hapo, katika Shule ya Msingi ya Riwo, Baringo, alipokuwa na miaka 8, wakati Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipoanza kutoa chakula shuleni. Kabla ya hapo watoto walitembea kilomita kadhaa na kukaa darasani na njaa. Mwaka wa 2004 shirika hilo lilimfanya balozi wake wa kupigana na njaa. Vijana wanaopanda milima ya Ngong wakitafuta nyayo za Tergat wakumbuke na sahani hiyo.

Na yule wa sindano? Dawa zinazouzwa kwa siri kwa wakimbiaji wa mbio ndefu mara nyingi ni za kuongeza chembe nyekundu za damu. Haziweki hata gramu moja ya glaikojeni katika paja. Kijana mwenye miguu mitupu akidungwa atabaki na miguu mitupu, damu nzito inayoweza kuganda, na jina lililo hatarini mbele ya ADAK, shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016 kupambana na dawa hizo. Adhabu ya kawaida kwa aliyekusudia ni miaka 4 nje ya mashindano, na kwa kijana wa miaka 19 miaka hiyo minne ndiyo kila kitu.

Neno fupi kwa wale waliokuja kusindikiza watoto na hawakimbii. Ghala hili linawahusu pia, kwa kinyume. Sukari nyingi inayoingia kwenye damu baada ya mlo hupaswa kwenda kuhifadhiwa kwenye misuli. Mwaka wa 1990 Gerald Shulman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha kwamba misuli ya wagonjwa wa kisukari cha ukubwani huhifadhi sukari kwa kasi iliyo chini ya nusu ya watu wenye afya. Mwendesha boda boda, askari wa lango na mwenye duka hukaa mchana kutwa. Ghala lao halichotwi, milango ni michache, na sukari inabaki imesimama barabarani. Wazee wa Kimaasai waliolisha mifugo hawakuwa na shida hiyo. Utafiti uliofanywa Tanzania na Julia Mbalilaki na wenzake ulikuta kwamba Wamaasai wa huko, juu ya mahitaji ya msingi ya mwili, walitumia kalori zaidi ya 2,500 kwa siku, sawa na kutembea kilomita 20 hivi. Wana wao wamehamia mijini, Kitengela na Rongai, na mwendo umebaki nyuma malishoni. Kutembea kwa haraka nusu saa baada ya chakula hufungua milango hiyo hata kwa mtu ambaye insulini yake haifanyi kazi vizuri. Aliye kwenye dawa za kisukari aulize kwanza kliniki, kwa kuwa sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Jambo la mwisho ni la mizani. Kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu kama 3 za maji. Mkimbiaji aliyepunguza mazoezi siku mbili tatu kabla ya mashindano na kula wanga vizuri anaweza kupanda mizani Ijumaa na kukuta kilo moja na nusu zaidi, akaingiwa na hofu, na kocha akamfokea na kumnyima chakula cha jioni. Kilo hiyo si mafuta. Ni sukari na maji ya safari, na vyote vitatumika kabla ya utepe. Apewe chakula chake cha jioni, na asubuhi, saa tatu hivi kabla ya kuanza, ale tena kitu anachokijua: chai yenye sukari na mkate, au uji. Siku ya mashindano si siku ya kujaribu chakula kipya.